Plota ya mtumba: wiki sita za stika na fulana

Wiki ya kwanza

Plota, yaani mashine ya kukatia stika, nimeipata Mbagala kwa jamaa aliyekuwa anafunga duka lake la mabango. Inakata upana wa sentimita 63, kwa hiyo roli za kawaida za inchi 24 zinaingia bila shida. Waya wa umeme umezungushiwa seloteipu na kisu hakuna, ila mota inalia vizuri. Mama watoto aliikuta juu ya meza ya chakula, akauliza sasa tutakulia wapi. Nikamwambia ni kwa siku mbili tatu tu. Mpaka naandika hapa bado tunakulia mkekani.

Kompyuta nimewekea Inkscape, programu ya kuchorea, maana ni ya bure na inaweza kutuma kazi moja kwa moja kwenye plota. Siku mbili zilipotea kwa ajili ya waya wa mawasiliano, sina hamu hata ya kuzisimulia. Kasi ya mawasiliano iwe 9600 kwenye kompyuta na kwenye mashine, basi.

Kasheshe yenyewe ni kisu. Nilidhani mashine inakigeuza kwenye kona kama mtu anavyogeuza mkasi. Kumbe hapana, kinaburuzwa tu, na kinajigeuza chenyewe kama kagurudumu ka kiti cha ofisini. Ncha yake haipo katikati kabisa, imekaa pembeni kidogo, kama robo ya milimita. Programu isipoambiwa hilo, kila kona inatoka mviringo. Herufi E yangu ya kwanza ilikuwa kama sabuni iliyosahaulika kwenye maji. Nikaandika 0.25 kwenye nafasi yake, nikaongeza na milimita moja ya kupitiliza ili mwisho wa mkato ukutane na mwanzo. E ikasimama.

Halafu urefu wa ncha. Mimi nilikichomoa kisu kama panga. Kikakata vinili, ile plastiki ya kunata ya stika, kikakata karatasi ya chini, kikachora na ule utepe mweupe wa mashine. Inatakiwa ncha ichungulie kama nusu ya unene wa kadi ya benki. Siku hizi kabla ya kazi yoyote nakata kwanza kamraba ka sentimita moja pembeni. Kakibanduka kenyewe na karatasi ya chini ikabaki na alama tu, naendelea. Mashine yangu imetulia kwenye mkandamizo wa gramu 90 kwa kisu cha digrii 45.

Wiki ya pili

Mteja wa kwanza, kama naweza kumwita mteja maana hakulipa, ni dereva wa bajaji wa kijiweni kwetu. "Fundi, niandikie Riziki mafungu saba, hapa juu ya kioo cha mbele. Mwandiko wa kulala, upendeze."

Nikachagua fonti ya mwandiko wa kuunganisha. Kwenye skrini ilipendeza kweli. Plota ilipomaliza, kila mahali herufi moja ilipogusa nyingine palikuwa na mkato, kwa sababu mashine haioni neno, inaona mistari tu, na mistari ya herufi zile ilikuwa inapandana. Dawa yake ni kuyageuza maandishi yawe michoro, kisha kuyaunganisha yawe umbo moja, ndipo uyatume. Mita moja ya vinili nyekundu ikaenda na somo hilo.

Baada ya kukata kuna kuchambua, yaani kutoa vinili isiyohitajika ibaki maandishi matupu. Hakuna anayekuambia kwamba hapa ndipo saa zinapoisha. Kukata mstari mzima ni dakika mbili. Kutoa matumbo ya a na g na b kwa sindano na kibano ni nusu saa, shingo imepinda, feni imezimwa kwa sababu inapeperusha vipande vinarudi kunata pale pale. Mama watoto alikaa akanisaidia, akasema ni kama kuchambua mchele wa dukani. Yeye ana mkono mwepesi kuliko mimi. Nukta za i anazigonga chini kwa kidole kabla hazijanyanyuka.

Kubandika kwenye kioo hakukunisumbua: kioo kifutwe kwa spiriti, kinyunyiziwe maji yenye tone la sabuni ili stika iteleze uipange, kisha maji yasukumwe nje kwa kadi ya zamani iliyofungwa kitambaa. Usiharakishe kuvuta karatasi ya juu, ile ya kunata inayobeba stika kuipeleka kwenye kioo. Mimi niliharakisha, z ikaja nayo.

Wiki ya tatu

Fulana 14 za pamba, za timu yetu ya maveterani wa Jumapili. Jina la timu kifuani, namba mgongoni.

Vinili ya fulana inakatwa upande wa gundi, ile plastiki ya kung'aa ikiwa chini. Kwa hiyo mchoro lazima ugeuzwe kama unavyouona kwenye kioo. Hilo nililisoma, nikalikariri, nikasahau. Kosa lilijificha kwa sababu jaribio langu lilikuwa herufi ya kwanza ya jina la timu, ambayo ni M. M ukiigeuza ni M ile ile! Nikapiga pasi, ikatoka safi, nikajipongeza. Namba ya kujaribia nayo ilikuwa 8. Nikakata majina yote 14, nikachambua usiku kucha. Asubuhi fulana ya kwanza imetoka, binti yangu wa darasa la tatu akaisoma taratibu, akaniangalia, "Baba, hiki ni Kiarabu?"

Majina kumi na matatu yaliyobaki yapo kwenye droo. Sasa najaribu kwa R.

Wiki ya nne

Umeme ulikatika mashine ikiwa katikati ya kazi, na plota haikumbuki ilipoishia. Wiki hii sikufanya la maana zaidi ya kununua roli mpya Kariakoo.

Wiki ya tano

Mashine ya presi sina, natumia pasi ya nyumbani, na nimegundua inawezekana ukiacha tabia za kupiga pasi. Maji yasiwemo kabisa. Fulana iwekwe juu ya ubao mgumu, si ile meza laini ya pasi. Kwanza kitambaa kipashwe sekunde tano kitoe unyevu, na kwa hali ya hewa ya Dar unyevu upo hata kwenye nguo iliyokaa kabatini. Halafu unakandamiza kwa uzito wa mwili, sekunde 15, bila kusugua, unanyanyua, unahamia pembeni. Matundu ya mvuke chini ya pasi hayana joto, kwa hiyo kila sehemu naipitia mara mbili. Plastiki ya juu ya vinili yangu inabanduliwa ikishapoa. Iko vinili nyingine ya kubandua ikiwa bado ya moto, ulizia unaponunua.

Mwenzetu mmoja alileta jezi yake ya poliesta, nikaikandamiza kwa moto ule ule wa pamba. Maandishi yalishika vizuri sana. Kitambaa kuzunguka maandishi kilibaki na umbo la pasi, linang'aa, na halitoki. Amevaa hivyo hivyo, ila hajanisalimia vizuri tangu hapo.

Wiki ya sita

Fulana 14 zimekamilika. Nilisubiri siku nzima ndipo nikafua moja, nikiwa nimeigeuza nje ndani, mara tatu, kwa mkono na kwa nguvu. Jina limekaa. Ncha ya 7 imenyanyuka kidogo, nimeirudishia pasi.

Yule dereva wa bajaji alipita jioni. Ile z niliyoibandika upya imeanza kujikunja, nikamwambia asubiri nimkatie nyingine. Akasema iache, abiria wanaiulizia, na wawili wanataka namba yangu. Nimemkatia hata hivyo. Iko mezani, imeshachambuliwa.