Springi Nne, Niliuziwa Tatu

Gari lilikuwa juu ya mawe, na hapa situmii lugha ya mafumbo. Lilikuwa limepandishwa juu ya mawe manne ya matumbawe nyuma ya nyumba moja mjini Tanga, halina injini mahali pake, milango yake miwili imeegemezwa ukutani, na kuku wa mwenye nyumba walikuwa wamekwisha kuamua kwamba kiti cha nyuma kabisa ndicho mahali pao pa kutagia. Lilikuwa Peugeot 504 stesheni wagoni ya mwaka 1979, ile ya kifamilia yenye safu tatu za viti ambazo zote hutazama mbele. Mwenyewe, mzee mstaafu aliyeianza kazi ya kulifufua miaka mingi iliyopita kabla macho na magoti hayajamkatalia, alinionyesha makasha 11 ya vipuri yaliyopangwa ukumbini, akanishika bega, akasema, "Mwanangu, kazi kubwa nimeshaifanya. Wewe unakuja kumalizia tu." Nikamjibu, "Nimekuelewa, Mzee wangu," ingawa leo ninajua kwamba siku ile sikuwa nimeelewa chochote.

Sababu iliyonifanya nilitake gari hilo haikuwa ya kihesabu, nami ni mwalimu wa hesabu. Nilikulia Arusha wakati ambapo kwenda Namanga kulikuwa ni kupanda Pijo, kama tulivyoliita Peugeot. Abiria walipangwa mmoja mmoja mpaka gari lijae, mizigo ikafungwa kwa kamba kwenye keria, na sisi watoto tukasukumwa safu ya tatu, ambako magoti hukaribia kugusa kidevu na vumbi la mlango wa nyuma hukaa kooni mpaka kesho yake. Hata hivyo hakuna mtu aliyelalamika, kwa kuwa Pijo lilikuwa na heshima yake barabarani, na heshima hiyo haikutoka hewani. Mtangulizi wake, 404, alishinda mbio za magari za Safari mwaka 1963, kisha mwaka 1966 na 1967 akashinda tena akiwa mikononi mwa Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, na mwenzake Chris Rothwell. Mwaka 1975 ikawa zamu ya 504 yenyewe, na dereva wake alikuwa Ove Andersson. Baba yangu, ambaye hakuwahi kumiliki gari, alizijua habari hizo kama wengine wanavyojua majina ya wachezaji wa Simba na Yanga.

Wengi hudhani kwamba stesheni wagoni ni saluni, yaani gari la kawaida lenye buti, iliyoongezewa kibanda nyuma. Kwa 504 si hivyo. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni milimita 2,740 kwenye saluni, na milimita 2,900 kwenye wagoni. Na wakati saluni nyingi za aina hiyo zina magurudumu ya nyuma yanayocheza kila moja peke yake, wagoni ilipewa ekseli nzima iliyokaa juu ya springi nne, mbili kila upande, ili ibebe watu na magunia bila kulalamika. Ninaeleza haya kwa sababu ya springi hizo nne.

Lori lilipolishusha gari na makasha yake uani kwangu, nilijizuia kushika spana kwa mwezi mzima. Nilitandaza maturubai mawili, nikatoa kila kitu kwenye makasha na kukiandika daftarini: jina lake, hali yake, na mahali kinapokaa ikiwa napajua. Kazi hiyo ilinichosha kuliko nilivyotazamia, lakini ndiyo iliyoniokoa. Katika kasha la tano nilikuta springi mbili, katika la nane nikakuta moja, na katika makasha yaliyobaki sikukuta nyingine. Nilimpigia Mzee simu, akasema kwa uhakika kabisa kwamba ya nne imo, niangalie vizuri. Niliangalia vizuri. Haikuwamo.

Springi inanunulika. Lililonitia hofu lilikuwa kasha lililoandikwa kwa chaki "INJINI – OVAHOLI KAMILI", ambalo lilikuwa na pistoni nne mpya pamoja na slivu zake, yaani mabomba ambamo pistoni hupanda na kushuka, zikiwa bado na karatasi yake ya mafuta. Injini ya gari hili ni ile ya sentimita za ujazo 1,971, ambayo pistoni zake zina kipenyo cha milimita 88. Nilipozipima zile mpya nilipata milimita 84. Nikapima tena, nikamwita mwanangu apime, tukapata 84 wote wawili. Hesabu ikajieleza yenyewe: ukichukua kipenyo cha 84 na mwendo wa pistoni wa milimita 81, mara silinda nne, unapata 1,796, nayo ndiyo injini ndogo ya 504, iliyotumika pia kwenye pikapu. Mzee alikuwa ameuziwa vipuri visivyo vya injini yake, akavitunza pamoja na injini hiyo kwa miaka yote hiyo, akiamini kwamba siku ya kuviingiza itafika.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimenunua. Mtu anayenunua gari bovu hununua ubovu wa gari tu. Anayenunua gari ambalo mwingine aliishia njiani hununua pia maamuzi ya yule mwingine, na mengi ya maamuzi hayo hayakuandikwa popote. Boliti iliyofungwa kwa mkono inafanana na boliti iliyokazwa sawasawa. Kwa hiyo mimi na Fundi tulikubaliana kwamba kila kilichofungwa kitafunguliwa, hata kama kinang'aa, na hata kama Mzee ameapa kwamba kiko tayari.

Fundi wangu ni mtu wa maneno machache ambaye aliyafanyia kazi Pijo wakati yalipokuwa teksi, na nilimpata baada ya vijana wawili wa gereji kuniambia waziwazi kwamba hawajawahi kufungua injini ya namna hiyo. Alipotoa sampu, lile bakuli la mafuta lililo chini ya injini, na kuona mafuta yamekuwa kama uji wa ulezi uliotiwa maziwa, hakushangaa. "Mwalimu, hapa kuna mtu alizungusha krenki hedi ikiwa nje," akasema. Krenki ni ule mhimili unaozungushwa na pistoni, na hedi ni kifuniko cha juu cha injini. Maelezo yake yanastahili kuandikwa, kwa sababu kosa hilo ni rahisi kulifanya. Katika injini hii slivu hazikupigiliwa ndani ya bloku, yaani mwili wa injini; zinakaa huru, maji ya kupoozea yakizizunguka ubavuni, na kinachozuia maji yasishuke kwenye mafuta ni sili zilizo chini ya kila slivu. Silinda hedi ikiwa imefungwa, ndiyo inayozikandamiza zitulie. Ukiiondoa hedi kisha ukazungusha krenki bila kuzibana slivu kwa vyuma na boliti, pistoni inapopanda huiinua slivu kidogo, kiasi ambacho jicho halioni, na sili ikishainuka haikai tena kama ilivyokuwa. Unafunga hedi kwa gasketi mpya, unajaza maji, na maji yanashuka polepole mpaka kwenye mafuta.

Nilipanda basi kwenda Nairobi, Barabara ya Kirinyaga, ile ambayo wengi bado wanaiita Grogan, na baada ya kuzunguka siku mbili nikapata pistoni na slivu za 88 pamoja na sili za unene tofauti. Unene huo una maana yake. Kila slivu inapaswa kuchomoza juu ya uso wa bloku kwa sehemu ndogo sana ya milimita, na zote nne zilingane, ndipo gasketi ibanwe kwa usawa. Fundi alibadilisha sili, akapima, akabadilisha tena, siku nzima na nusu, na muda wote huo mimi nikiwa nimeshika taa. Katika safari hiyohiyo nilinunua springi zote nne kutoka kwenye wagoni moja iliyokuwa ikivunjwa, kwani sikutaka kuchanganya tatu za zamani na moja ya kigeni halafu gari likasimama kama mtu anayechechemea.

Kuhusu bodi sitasema mengi, ingawa ndiyo iliyokula fedha nyingi zaidi. Chumvi ya pwani haina huruma. Nilipitisha sumaku ndogo kwenye gari zima, na kila mahali ilipokataa kushika palikuwa na puti badala ya bati: vizingiti vya milango, sehemu ya sakafu chini ya miguu ya dereva, na mfereji wa maji kandokando ya paa. Tulikata mpaka tukafikia chuma kizima, tukachomelea bati jipya, nami nikajifunza kwamba mwanya wa mlango hupimwa kabla ya kuchomelea kizingiti, na tena gari likiwa limekaa kwenye magurudumu yake badala ya kuning'inia kwenye jeki. Mlango wa nyuma wa kushoto mpaka leo unataka kufungwa kwa mkono wa mtu anayeuelewa.

Kosa kubwa kuliko yote lakini si la Mzee, na wala si la yule aliyezungusha krenki. Ni langu. Fundi aliposafiri kwenda msibani nilijiona nimekomaa, nikafunga sahani ya klachi peke yangu, kisha kwa msaada wa vijana wawili nikafunga giaboksi. Sahani ile ina upande wake wa kutazama injini na upande wake wa kutazama giaboksi, na mimi niliigeuza. Katika magari mengi kosa hilo lingegharimu jioni moja. Kwenye wagoni ya 504, propela shafti, ule mhimili unaopeleka nguvu nyuma, imefungiwa ndani ya bomba la chuma lililoungwa na giaboksi upande mmoja na difu, kasha la gia la ekseli ya nyuma, upande wa pili, kwa hiyo kuifikia klachi kwa upande wa chini maana yake ni kuivuta ekseli nzima ya nyuma, pamoja na springi zake nne, mpaka bomba lile liachane na giaboksi. Fundi aliporudi alikanyaga pedali, akajaribu kuingiza gia kwa kile kijiti kilicho kwenye usukani, gia ikagoma. Alinitazama kwa muda mrefu, akavua shati la safari, akaingia chini ya gari. Hakuniuliza neno, nami nikaenda kumnunulia chakula.

Kipo kitu kimoja ambacho bado ninakifurahia kila ninapofungua boneti. Feni ya gari hili haizunguki wakati wote. Ina sumaku ya umeme inayoishika maji yanapopata moto, na kuiachia yanapopoa, hivyo injini haipotezi nguvu bure. Mafundi wengi waliona ni usumbufu, wakaipigilia boliti izunguke daima, na hili letu nalo lilikuwa limefanywa hivyo. Tuliitoa boliti, tukabadilisha kaboni iliyokwisha, tukasawazisha mwanya kwa zile skrubu zake tatu, na siku injini ilipowaka kwa mara ya kwanza nilisahau kusikiliza mlio wake kwa sababu nilikuwa nimeinama nikingojea feni ishike. Ilichukua kama dakika kumi. Ikashika kwa mlio mdogo wa "tak", ikazunguka, ikaachia.

Miaka mitatu imepita tangu siku ya kuku na matumbawe. Mwezi uliopita nilikwenda Namanga na kurudi, nikiwa na mama yangu mbele na wanangu safu ya tatu, ambako walilalamika kuhusu magoti yao kuanzia Oldonyo Sambu. Joto la maji halikupanda, mafuta yalibaki mafuta, ila difu inavuja matone machache na mshale wa kilomita umelala kwenye sifuri kana kwamba hatukwenda popote. Nilimpigia Mzee simu kumweleza. Alifurahi sana, akaniuliza rangi yake sasa ni ipi, nikamwambia bado ni ya praima. Kisha akasema kwamba ile springi ya nne ameiona, wajukuu wake walikuwa wanaitumia kuzuia mlango wa banda la kuku, na akataka kujua aitume kwa basi gani.