Kesi ya Mbuzi, Luchelele

Mama alipostaafu ualimu, ukoo mzima ulikuwa na ushauri juu ya mafao yake. Kaka alitaka inunuliwe bajaji. Shangazi alipigania fremu ya vitenge Makoroboi, na alikuwa tayari kuisimamia yeye mwenyewe, bila kuombwa. Mama aliwasikiliza wote, akawapikia sato, wakala wakashiba, wakaaga. Walipoondoka akaenda kununua miche ya miembe.

Ilikuwa miembe ya kuunganishwa, Kent na Apple, na bei yake ilikuwa ya kukohoa. Akaipanda wakati wa masika kwenye mteremko wa nyuma ya nyumba, Luchelele, kati ya ziwa na mawe, akachomeka na milonge, na mipapai pembeni. Aliyeiona Mwanza kwenye picha tu analijua lile jiwe la Bismarck linalotokeza majini pale mjini. Huku kwetu mawe ya namna hiyo yamepandana kuanzia uani hadi kileleni, mengine makubwa kuliko nyumba, na kati yake mna mianya ambayo mtu mwenye akili haingizi mkono.

Mwaka wenyewe ni 2014. Nilikuwa nimemaliza chuo, nipo nyumbani nasubiri ajira, basi ajira ikawa ndiyo hiyo: kubeba madumu ya maji kutoka ziwani kila jioni na kumwagilia. Kufikia Julai nyasi zilikuwa zimekauka mlima mzima, na kitu kibichi pekee kilichobaki kilikuwa miche ya mama. Ukiwa mnyama mwenye njaa pale mlimani, huhitaji kuonyeshwa njia.

Ilianza milonge. Tuliamka tukakuta vijiti. Kisha vikafuata vilele vya miembe, yale majani machanga yenye rangi ya shaba, na baadhi ya matawi yakiwa yamevunjika kabisa. Halafu likaja lililomuuma mama kuliko yote: mashina yaliyomenywa gome chini kabisa, karibu na udongo, mti mweupe ukawa nje.

"Mbuzi," mama akasema.

Mbuzi walikuwa wa jirani yetu wa upande wa juu, mzee mmoja ambaye yeye na mama tayari walikuwa na lao kuhusu mpaka. Mama alipanda kwake asubuhi ileile, na hata salamu ya "mwangaluka" hakutoa, jambo ambalo Usukumani ni sawa na kutangaza vita. Mzee alikuwa anakunywa uji. Alimsikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini.

"Mwalimu, mbuzi wangu nawafunga mwenyewe, kwa mkono huu. Halafu miche yako umeipaka mavi ya mbuzi, nimeona. Tangu lini mbuzi akala jani lililopakwa mavi yake?"

Ni kweli tulikuwa tumeipaka. Ni dawa ya siku nyingi: unakoroga mavi ya mbuzi na maji, unapaka majani, mbuzi ananusa anaondoka. Mama alijibu kwamba mbuzi wa watu wengine wana adabu, wa kwake hawana. Ikabidi jambo lifike kwa mwenyekiti wa mtaa, naye akapanga Jumamosi aje ajionee kwa macho yake.

Kabla ya Jumamosi mama akampigia simu kaka yake, Sengerema. Mjomba alivuka na kivuko cha Busisi akaingia kwetu jioni na begi dogo na kuku. Yeye shule aliiacha mapema, lakini utotoni alilala mashambani miaka mingi akilinda mihogo na mtama, na mnyama wa usiku alikuwa anamjua kwa kazi yake, si kwa sura.

Hakukaa. Alipita moja kwa moja hadi kwenye miche, akachuchumaa kwenye shina lililomenywa, akalipapasa kwa kidole gumba.

"Mjomba, njoo. Angalia hapa."

Kwenye mti mweupe kulikuwa na mikwaruzo mipana, miwili miwili, imepita ubavuni mwa shina kama iliyochongwa kwa patasi. Chini, juu ya udongo mkavu, vilitapakaa vipande vya gome. Mjomba aliokota kimoja akanipa.

"Mla gome huyu hali ganda la nje. Analibandua, analitema, anakula la ndani lenye utamu. Mbuzi akimenya mti hakuachii mabaki. Na meno haya ni ya panya mkubwa. Huyu ni nungunungu."

Nilidhani ndiyo imekwisha, tumempata mwizi. Mjomba akahamia kwenye vilele, akakunja uso. Nungunungu hapandi mti. Vilele vile vilikuwa usawa wa kiuno changu, na vingine juu zaidi. Aliyekula huko alikuwa mwingine.

Jioni hiyo alinituma jikoni kuchukua majivu. Tukayachekecha kwenye ungo, tukayamwaga kuzunguka kila mche, tabaka jembamba, laini, mpaka mdudu akipita utamsoma. Mama alisimama mlangoni akatuuliza kama tunaagua.

Alfajiri mjomba akaniamsha kabla ya jogoo. Hatukwenda kwenye majivu. Tulikaa nyuma ya tangi la maji, kimya, mwanga wa kwanza ukitokea upande wa mashariki. Jua lilipogusa uso wa mawe, walianza kutoka. Mmoja, wa pili, kisha jamii nzima, wa kahawia, wanene, hawana mkia. Walijilaza juani wamebanana. Pimbi hawezi kujipasha joto vizuri baada ya usiku wa baridi, ndiyo maana anaanika mwili kwanza kabla ya kwenda kokote. Mmoja alibaki juu kabisa, amekaa, anatazama angani.

Pimbi nilikuwa nawajua tangu udogoni. Baba alitupeleka kisiwa cha Saanane, enzi hizo bado hakijawa hifadhi ya taifa, hilo lilikuja 2013, na kilichonikaa kichwani ni pimbi waliokuwa wanapita karibu na miguu yetu, na wale mijusi wa kichwa chekundu na mwili wa bluu. Wataalamu wanasema ndugu wa karibu wa pimbi ni tembo na nguva. Ukimtazama hukubali, lakini ndivyo ilivyo.

Waliposhiba jua, wakashuka. Walipita kwenye magugu makavu na kwenye rundo la mawe ya msingi lililobaki tulipojenga nyumba, na sasa nikaelewa kwa nini miche iliyo karibu na rundo lile ndiyo iliyoliwa zaidi. Mmoja akaparamia mwembe. Ule mwembamba ulipinda chini ya uzito wake, tawi moja likalia *kwaa* likakatika, yeye hana habari. Aligeuza kichwa upande, akaliingiza jani hadi kwenye magego, akalikata kwa pembeni. Nilitaka kurusha jiwe. Mjomba akanishika mkono.

"Mwache ale hilo. Tunataka kujua anapotokea na anapokimbilia."

Kivuli cha ndege kilipopita, yule wa juu akapiga ukelele mkali, na kufumba na kufumbua hapakuwa na pimbi hata mmoja. Wote walirudi kwenye rundo, kisha kwenye mwanya mmoja mkubwa. Tulipofika pale tukakuta choo chao: kinyesi kimerundikana mahali pamoja, na jiwe limechorwa michirizi myeupe ya mkojo uliokauka, ya miaka, inayoonekana hata kutoka nyumbani. Tuliiona maisha yetu yote tukadhani ni rangi ya jiwe.

Kwenye majivu, chini ya miembe iliyomenywa, kulikuwa na nyayo pana zenye alama za kucha, na pembeni mistari myembamba ya miiba iliyoburuzwa. Mwiba mmoja wenyewe, mweusi na mweupe, ulikuwa umeachwa kwenye njia ya kushukia ziwani. Mama aliuchukua akauchomeka kwenye kitambaa cha kichwani. Ushahidi, alisema.

Jumamosi walikuja watu kuliko tulivyotarajia. Kesi ya mwalimu na mbuzi haikosi watazamaji. Mjomba aliwapitisha mche hadi mche, akaeleza kwa sauti ya taratibu. Mbuzi, aliwaambia, hana meno ya mbele juu. Chini anayo, juu ana ufizi. Hawezi kukata, anabana anavuta, kwa hiyo kikonyo kinabaki kimechanika, nyuzi zinaning'inia. Wafugaji wote pale walikuwa wanatikisa vichwa: hilo walilijua, ila hakuna aliyekuwa amelitumia kusoma mti.

Jirani yetu alianza kutabasamu. Akamgeukia mama, akafungua mdomo.

"Subiri, mzee," mjomba akamwambia. "Bado mmoja."

Mwembe wa mwisho, ule wa mpakani, ulikuwa umenyofolewa upande mmoja, vikonyo vimechanika, nyuzi zinaning'inia. Majani yaliyoliwa yalikuwa yamechipua baada ya sisi kupaka mavi, hayakuwa na kitu. Na kwenye majivu, wazi kabisa, kwato mbili.

Watu walicheka. Mzee aliinama akazitazama zile kwato kwa muda.

"Huyo ni yule beberu," akasema. "Huyo hata mimi kanishinda."

Kijana mmoja akapendekeza sumu ya panya kwenye ugali, iwekwe usiku. Mama alikataa kabla hajamaliza sentensi: mbwa ataila, kuku watadonoa, mwewe atamla panya aliyekufa naye afe, na mvua ikinyesha mteremko wote unamwaga ziwani tunakochota maji ya kunywa. Mwingine akasema tutege mitego, pimbi ni kitoweo. Hapo mwenyekiti akakohoa, akakumbusha kwamba ipo Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na kumwinda mnyama bila kibali ni kosa hata kama amekula embe zako. Sidhani kama yule kijana alikuwa hajui. Alitaka kusikia kama mwenyekiti anajua.

Kilichobaki kilikuwa kazi. Tulihamisha lile rundo la mawe, jiwe kwa jiwe, mgongo ukasema. Tukafyeka magugu yote kati ya miamba na miche. Pimbi anaogopa sana tai, kuna tai mweusi wa milimani ambaye chakula chake kikuu ni yeye, na kuvuka uwanja mweupe usio na pa kujificha kwake ni kucheza na roho. Wengi waliacha kuja kwa hilo tu, na michirizi yao bado iko pale juu, na wao wenyewe.

Kwa wachache wasioogopa tuliweka wavu wa kuku kuzunguka kila mche, mbali na shina kiasi cha mkono, urefu wa mita 1 na ushee. Mwanzoni tulitaka kutumia nyavu chakavu za dagaa, zinapatikana bure mwaloni wanakoshusha samaki, na bustani nyingi huku zimezungushiwa hizo. Mjomba akasema nungunungu atazitafuna usiku mmoja. Wavu wa juu tuliukunja kwa nje na kuuacha bila kigingi, ulegee. Pimbi anaparamia ukuta vizuri, nyayo zake zina unyevu unaoshika hadi jiwe, lakini wavu unaoyumba na kumpindia usoni haupendi. Chini tuliuzika udongoni na kuukandamiza kwa mawe, kwa sababu nungunungu ni mchimbaji. Mashina nayo yakavishwa vipande vya bati chakavu hadi magotini, vimelegea, maana bati likibana shina kwenye jua la Agosti linalipika.

Pilipili tulijaribu pia. Binamu yangu aliapa kwa pilipili kichaa iliyotwangwa na kukorogwa na sabuni. Inafanya kazi vizuri hadi umwagilie.

Miembe iliyomenywa nusu ilipona, kovu likaziba pole pole. Iliyomenywa kuzunguka shina lote haikupona, kwani gome ndilo linaloshusha chakula kwenye mizizi, na likikatika duara zima mti unakufa huku majani bado mabichi, ukidhani umeokoka. Mmoja ulimenywa chini ya kiungio. Ulichipua, mama akafurahi, na mjomba akamwambia ukweli: hilo linaloota ni shina la kienyeji, Kent imeshaenda. Upo hadi leo, una embe ndogo zenye nyuzi, na watoto wa jirani wanazipenda kuliko zile za bei.

Kuhusu ule wa mpakani, mwenyekiti aliamua mzee alipe mche mmoja. Mzee akaingiza mkono mfukoni. Mama akamzuia, akasema hataki pesa, anataka samadi. Mzee akaleta viroba vya kutosha, akavimwaga mwenyewe. Msimu uliofuata mama akapanda tena kwake, safari hii na salamu zote, akasimama karibu na zizi.

"Mwalimu, deni la mche mmoja haliishi?"

"Linaisha ukizaa."

Ulizaa 2018. Mama akamwambia msimu wa kwanza hauhesabiki.