Saa tisa usiku, mchezo wa saba

Nipo kazini, macho mekundu kama pilipili. Usiku nimekesha na Indiana Pacers na Oklahoma City Thunder, fainali ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani.

Fainali nzima Indiana wameishi kwa mbio. Unawafunga, na kabla hujamaliza kushangilia mpira ushafika golini kwako. Ndivyo walivyofika mchezo wa saba.

Robo ya kwanza, Haliburton, mchezesha timu wa Indiana, ana pointi 9 tayari, akaumia mguu, akaanguka.

Akapigapiga sakafu kwa kiganja.

Nikajua mbio zimekwisha. Ajabu, mapumziko Indiana walikuwa mbele, 48-47! Lakini robo ya tatu Thunder wakabana, wakapora mipira, robo hiyo wakaichukua 34-20. Mwisho 103-91.

Ubingwa halali yao, sibishi.

Ila kile kiganja bado nakiona.

Nani mwingine alikesha? Haliburton angebaki, mngewapa nani?