Mikungu minne nyuma ya tela

Mikungu minne ya matoke tuliinunua Bushenyi, siku ya kurudi. Nani atatoka magharibi ya Uganda afike Kampala mikono mitupu? Kwetu Tanga ukitoka Pangani bila nazi watu wanakuuliza ulikuwa umelala wapi. Nikaifunga ile mikungu kwa kamba ya katani kwenye fremu ya nyuma ya tela, nikaibana mpaka haitikisiki, nikaridhika.

Mimi ni mpishi wa kambi. Huu ni mwaka wa sita niko Uganda, na kazi yetu ni kupeleka wageni mbugani na kuwawekea mahema na jiko popote watakapolala. Jiko lote linasafiri kwenye tela la ekseli moja nyuma ya Land Cruiser. Ninayelipakia ni mimi. Dereva wetu ni Mkongomani wa Beni, fundi wetu wa Katwe ni Mnubi wa Bombo, kwa hiyo kazini ni Kiswahili mtindo mmoja, kila mtu na cha kwao. Serikali hapa ilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi mwaka 2022, lakini barabarani na gereji kilikuwepo siku zote.

Tulipita Mbarara salama, Masaka salama, tukakata Lukaya. Baada ya Lukaya unaingia Lwera, barabara tambarare inayopita katikati ya majimaji, imenyooka, madereva wanakanyaga mafuta. Sisi tulikuwa kwenye kilomita 85 kwa saa. Basi likatupita kwa kasi. Upepo wake ukatusukuma, halafu nikahisi kiuno cha gari kinavutwa kushoto, kikarudi kulia, kikarudi kushoto kwa nguvu zaidi. Kwenye kioo cha pembeni nikaiona mikungu yangu inatokeza upande huu, inapotea, inatokeza tena.

“Yaya, shikilia,” dereva akasema, na hakusema neno jingine.

Hakugusa breki. Aliondoa mguu kwenye mafuta, akashika usukani sawa bila kulifuata tela, akaliacha gari lipungue lenyewe. Ukikanyaga breki wakati tela linapiga mkia, gari linapungua, tela bado linasukuma, na hapo linakukunja. Ukiongeza mafuta ukidhani utalinyoosha, unaongeza mwendo, na mwendo ndio unaolilisha. Kwenye kilomita 60 hivi likatulia. Tukasimama pembeni. Magoti yangu yalikuwa maji. Mikungu yote minne tukaihamishia ndani ya gari, miguuni kwangu na juu ya viti, na tela halikuyumba tena mpaka Kampala.

Nilidhani nimeelewa: uzito uwe mbele. Safari iliyofuata nikajaza mbele kila kitu kizito, unga, mchele, mitungi ya gesi, jenereta, sufuria za chuma. Gari likakaa matako chini, pua juu. Usiku tukiwa Mpigi magari ya mbele yalikuwa yanatuwashia taa kutulaumu, kwa sababu taa zetu zilikuwa zinawapiga machoni, na dereva akalalamika kwamba usukani umekuwa mwepesi, magurudumu ya mbele hayashiki lami sawasawa. Niliumia. Nilikuwa nimetoka kwenye kosa moja nikaingia la pili, na watu ndani ya gari ni walewale.

Ndipo tukaenda kwa fundi. Jambo la kwanza aliloniuliza lilinikamata: “Mama, wewe unga unaupima. Hii tela ulipima lini?”

Sikuwahi. Hakuna aliyewahi.

Tukaanza na uzito mzima. Mizani za serikali barabarani ni za malori, kwa hiyo tukamwomba mfanyabiashara mmoja wa mahindi atuachie mizani yake ya kupimia magari. Tela peke yake, limepakiwa kama linaondoka safari, maji tangini: kilo 1,040. Mimi ningeapa ni 700. Kibati chake, kilichoandikwa uzito wa mwisho, kinaruhusu 1,200, kwa hiyo upande huo tulikuwa salama, lakini nusu ya vitu nilivyokuwa nikiviita vidogo vidogo vilikuwa na uzito wa mtu mzima.

Uzito mzima peke yake haukwambii kama tela litatulia. Kinachokwambia ni uzito wa shingo, yaani ule unaokandamiza ndoana ya gari, pale shingo ya tela inapofungwa. Wamarekani hutaka shingo iwe na asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela. Waingereza na karavani zao huenda chini zaidi, 5 hadi 7, na ndoana zao nyingi hazibebi sana. Fundi wetu anapenda 10, na anaangalia kwanza kikomo kilichoandikwa kwenye ndoana ya gari. Mizani ya malori haifai kupima shingo, kwa sababu nyingi zinaruka kilo 20 kwa hatua moja. Alitumia mizani ya bafuni.

Nataka mlione hili vizuri maana mnaweza kulifanya nyumbani. Tela kwenye ardhi tambarare, magurudumu yamewekewa mawe mbele na nyuma, shingo kwenye kimo kilekile inachokaa ikiwa imefungwa kwenye gari. Alichukua ubao mnene. Ncha moja akailaza juu ya tofali, ncha ya pili juu ya mizani, zote kimo kimoja. Mizani ikasoma uzito wa ubao wenyewe, akaurudisha sifuri. Akateremsha shingo kwa jeki juu ya ubao, siyo katikati, bali kwenye theluthi moja kutoka kwenye tofali. Tofali linabeba theluthi mbili, mizani theluthi moja, na unachosoma unakizidisha mara tatu. Ndiyo maana mizani inayoishia kilo 120 inaweza kupima mzigo mkubwa kuliko kikomo chake.

Ilisoma 62. Mara tatu, 186. Asilimia 18. Ndio mpangilio wangu wa kujaza mbele.

Tukatoa vitu, tukarudisha kimoja kimoja. Mitungi na mahema mazito tukayaweka chini kabisa, juu ya ekseli. Jenereta na sufuria za chuma zikaja hapohapo. Mbele vikabaki vyakula tu. Nyuma matandiko, viti vya kukunja, vitu vyepesi. Ikasoma 35, yaani 105, na kwa kilo 1,040 hiyo ni kumi kwa mia.

Halafu akanieleza habari ya matoke, na hili ndilo nililotaka kuwaandikia hasa. Kwenye tela letu, kutoka ekseli hadi ndoana ni mita 3, na fremu ya nyuma iko mita moja na nusu nyuma ya ekseli. Kwa hiyo kila kilo 2 ninazoning'iniza nyuma zinaiondolea shingo kilo 1. Mikungu yangu ilikuwa kilo 30 hivi kila mmoja, 120 yote: ikaondoa 60. Lakini kabla ya hapo shingo ilikuwa imeshapungua bila sisi kujua. Lita 100 za maji, tangi likiwa mbele kidogo ya ekseli, tulikuwa tumezimaliza, na kilo 60 za chakula kwenye sanduku la mbele wageni walikuwa wamezila. Hapo 50 nyingine zilikuwa zimekwenda. Hata tungekuwa tumetoka Kampala na hizi 105 za mpangilio mpya, toa 110, hakibaki kitu. Lwera tulipita na shingo isiyokandamiza kitu.

Sikulala vizuri usiku ule. Tela nililolipakia Kampala na tela lililorudi kutoka mbugani yalikuwa matela mawili tofauti, na mimi nililipanga lile la kwanza tu.

Siku hizi ubao, tofali na mizani ya bafuni vinasafiri nasi. Safari iliyopita mwuza matoke wa Bushenyi alishaanza kufunga kamba nyuma, nikamwambia hapana, ssebo, yaani bwana, niletee huku. Mikungu minne ikalala sakafuni juu ya ekseli. Jenereta na sufuria, kilo 80 pamoja, nikazihamishia kwenye sanduku la mbele lililobaki tupu. Wageni walishuka wakatuzunguka kutazama, mmoja akapiga picha. Dereva akateremsha jeki, mimi nikainama na kusoma: 32. Mara tatu, 96. Tela lilikuwa karibu kilo 1,000.

Lwera basi lilitupita tena, huenda hata ni lilelile. Gari likasukumwa kidogo na upepo, mara moja, likanyooka. Dereva akapunguza akasimama kwa wauza samaki, tukachukua wawili, akawafunga mbele ya gari kama wanavyofanya wenyeji.