Nimerudi Nakuru, na watu wanalalamika kwa sauti

Tangu nirudi Nakuru kutoka Doha, Qatar, nilikokuwa mlinzi, jambo ambalo masikio yangu yamekawia kulizoea ni malalamiko yanayotolewa hadharani. Tukiwa kwenye matatu ya kutoka Naivasha, dada yangu, ambaye hufanya kazi katika shamba la maua, alianza kumsema msimamizi wake kwa jina, akataja mshahara wake hadi senti ya mwisho, kisha akamgeukia mwakilishi wa chama cha wafanyakazi ambaye, kwa maelezo yake, hunywa chai na meneja hadi akasahau kilichompeleka ofisini. Abiria wa kiti cha nyuma alidakia, naye akamwaga ya shamba lake. Mimi niligeuka mara kwa mara kutazama nani anasikiliza, mpaka dada akaniuliza shingo ina nini.

Wafanyakazi wa mashambani wana chama chenye makao makuu hapa hapa Nakuru, na Kifungu cha 41 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na ya kugoma. Kasoro ziko tele, na dada atakuhesabia zote kabla ya kufika Gilgil. Nilikokuwa, wageni ni zaidi ya asilimia 90 ya wafanyakazi wote, na hao ndio wasioruhusiwa kisheria kuunda chama.

Wengi nyumbani walizisikia juu juu habari za Malcolm Bidali, Mkenya aliyekuwa mlinzi huko Qatar kama mimi. Aliandika kwa jina la kubuni, Noah, kuhusu makazi ya wafanyakazi na jinsi walivyotendewa. Alikamatwa tarehe 4 Mei 2021, na mwanzoni haikujulikana anazuiliwa wapi; alifungiwa peke yake kwa karibu mwezi mzima. Mwezi wa Julai alitozwa faini ya riali 25,000 chini ya sheria ya uhalifu wa mtandaoni kwa madai ya kueneza habari za uongo, na Agosti akaondoka nchini. Kima cha chini cha mshahara, kilichoanza kutumika Machi mwaka huo huo, kilikuwa riali 1,000 kwa mwezi bila posho ya chakula na malazi. Maana yake ni kwamba maandishi yale yalithaminiwa kwa mishahara ya miaka miwili na ushei ya mtu wa chini.

Chumba chetu katika eneo la viwanda la Doha kilikuwa na vitanda vya ghorofa, kila mtu amening'iniza leso au shuka mbele ya kitanda chake ili apate faragha kidogo. Tulikuwa na kundi la WhatsApp la watu wa Nakuru, Kisumu na Kakamega, ambamo tulitumiana picha za kunguni kwenye magodoro, ukungu wa bafuni na karatasi za malipo zisizolingana na mikataba. Habari za kukamatwa kwa Bidali zilipotufikia, kila mtu alianza kufuta alichotuma, na aliyesimamia kundi akalibadilisha jina likawa la maombi. Kulipokucha palikuwa na Zaburi na salamu tu. Hakuna polisi aliyekanyaga chumbani mwetu, wala hakuhitajika.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaoupima ukandamizaji kwa kuhesabu wafungwa. Pale ambapo kazi, kitanda na kibali cha ukaazi vyote vinamtegemea mwajiri mmoja, na nyuma yako kuna deni la ajenti aliyekutafutia kazi linalomngoja mama yako mlangoni, mfungwa mmoja anawatosha maelfu. Serikali ya Belarus haina nafuu hiyo, kwa kuwa wafanyakazi wake ni raia na haiwezi kuwarudisha popote. Ililazimika kuwakamata viongozi wa vyama huru Aprili 2022, kuvivunja vyama vyenyewe kupitia Mahakama ya Juu mwezi Julai, kisha kumhukumu Aliaksandr Yarashuk, kiongozi wa muungano wa vyama hivyo, miaka 4 gerezani mwezi Desemba. Qatar ilikuwa na njia fupi. Mwaka huo huo, miezi michache kabla ya Kombe la Dunia, wafanyakazi wapatao 60 waliandamana Doha wakidai mishahara yao. Wapo waliozuiliwa, na wapo waliopandishwa ndege na kurudishwa kwao.

Mbinu hii ya kumtenga msemaji na watu wake haikuanzia Ghuba. Kwenye steji ya Nakuru makanga hunadi Kabarnet kutwa nzima, na sidhani wengi wanaopanda wanajua kwamba huko ndiko wakoloni walikompeleka Chege Kibachia, kiongozi wa wafanyakazi wa Mombasa, mwaka 1947, baada ya mgomo mkuu wa Mombasa wa Januari, wakamweka kwa takriban miaka 10. Mji ule wa milimani ulitosha kuwa gereza, kwani kuli wa bandarini angemfikiaje? Makhan Singh, kiongozi mwingine wa vyama vya wafanyakazi, naye alikamatwa Mei 1950 na akazuiliwa sehemu za kaskazini hadi 1961.

Nisieleweke kwamba nimerudi peponi. Februari 2017 mahakama jijini Nairobi iliwafunga viongozi saba wa chama cha madaktari mwezi mmoja kwa kukaidi amri ya kusitisha mgomo, na mimi nililiona jambo hilo kuwa la aibu. Hata hivyo walihukumiwa mchana kweupe, nchi nzima ikijua majina yao na mahali walikopelekwa, mawakili wakakimbilia Mahakama ya Rufaa, na baada ya siku mbili hivi walikuwa nje huku mgomo ukiendelea hadi siku ya 100. Ukishaishi mahali ambapo mtu huchukuliwa na hujui umuulize nani, tofauti hiyo huioni ndogo.

Sasa mtoto wa mama mdogo amepata kazi ya ulinzi huko huko na anangoja viza. Nimemwambia apige picha kila ukurasa wa mkataba kabla ya kutia sahihi na amwachie mama yake nakala, asimwage malalamiko katika kundi lenye watu asiowajua, na nambari ya ubalozi wetu wa Doha aiandike kwenye karatasi, kwa sababu simu ndiyo huchukuliwa kwanza. Mama mdogo alitaka nimkataze kabisa asiende. Sikumkataza, kwa kuwa mshahara wa huko ndio uliolipa karo ya wadogo zangu wote wawili, na mama mdogo analijua hilo vizuri.