Muswada Wangu Umeondoka

Jana usiku, hapa Kampala, nilituma tena kwenye jarida la kitaaluma makala yangu kuhusu Kiswahili cha wachuuzi wa soko la Owino. Mara ya kwanza muswada ulirudishwa kabla ya kuwafikia wahakiki: ikisiri, yaani muhtasari wa makala, ilizidi maneno 250, na jina langu lilikuwa limebaki katika sifa za faili (taarifa ambazo kompyuta huhifadhi kulihusu), ilhali jarida hilo hutaka mwandishi na mhakiki wasijuane. Nilikuwa nimelifuta jina langu kwenye ukurasa wa kwanza nikadhani yamekwisha. Kumbe tanbihi ya shukrani, pamoja na sentensi isemayo “kama nilivyoonyesha katika makala yangu ya awali”, zilinitaja waziwazi.

Marejeleo ndiyo yaliyonikosesha usingizi. Mtindo wa APA, yaani kanuni za uandishi za Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, hutanguliza jina la ukoo na kufupisha mengine kuwa herufi, lakini waandishi wetu wa Uganda, mmoja huanza na jina la Kiganda kisha la ubatizo, na mwingine hufanya kinyume, hivyo ilinibidi nifungue kila chapisho upya nihakikishe. Majedwali niliyahamishia kwenye faili tofauti. Umeme ulikatika mara mbili kabla sijabonyeza kitufe cha kutuma.