Bia Haipendi Safari

Treni ilipofika kituo cha mwisho, behewa letu lilikuwa limebaki na watu sita. Mjomba alitangulia kushuka, akavuta hewa kwa pua, akasimama palepale.

"Kuna mtu anachemsha nafaka," akasema.

Mimi sikusikia kitu. Lakini mjomba ameoka mikate miaka 38 kabla ya kustaafu, na pua yake naiamini kuliko ramani ya simu. Tulivuka reli tukashika barabara inayopita katikati ya nyumba za watu: nguo kwenye kamba, watoto na baiskeli, mbwa mmoja aliyetubwekea mpaka akachoka. Baada ya dakika kumi hivi harufu ikanifikia na mimi. Ilikuwa harufu ya uji, uji mtamu wa shayiri uliokaa jikoni muda mrefu.

Nyumbani walikuwa wametuuliza kwa nini twende hadi mwisho wa reli kufuata bia kwenye baa inayojipikia yenyewe, wakati baa ziko kila kona. Sababu yangu ni chupa moja. Mwezi uliotangulia nilinunua bia ninayoipenda kwenye duka linalozipanga dirishani, chupa za kijani, jua likizipiga kutwa. Nilipoifungua ilinuka kicheche. Aliyeipika hakukosea, iliharibikia pale dirishani. Mwanga ukiipiga bia, vile vitu vya uchungu vinavyotoka kwenye hopsi, maua yanayotiwa kwenye bia, huvunjika na kuungana na salfa, na kinachozaliwa hapo pua hukitambua hata kikiwa chembe. Chupa ya kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo; ya kijani huzuia kidogo tu. Joto nalo lina kazi yake, na hewa humalizia, mpaka bia iliyokuwa na harufu ya maua na maganda ya chungwa inabaki na ladha ya boksi lililolowa. Tangu siku ile nilishika neno moja: bia haipendi safari. Basi asafiri mnywaji.

Jengo lilikuwa ghala zamani. Paa liko juu sana, sakafu ni ya zege iliyoinamishwa kidogo kuelekea kwenye mifereji, na nyuma ya kioo kirefu yalisimama matangi manane ya chuma yanayong'aa. Niliposimama pale nikaelewa kwa nini baa za namna hii zinapenda viungani. Tangi la lita 1,000 likijaa linapita tani moja, na huwezi kuliweka juu ya sakafu ya mbao ya nyumba ya mjini. Maji nayo: kila lita moja ya bia hula lita kadhaa za maji, nyingi zikiishia kwenye kuosha. Huku pembeni nafasi ipo, lori linageuka bila kuziba barabara, na jirani hasumbuliwi na kelele za pampu alfajiri.

Tulikuwa tumefika mapema, kabla ya wateja wa jioni. Mpika bia alikuwa bado kazini, kijana mwenye mabuti ya mpira na mikono iliyokunjwa mpaka viwikoni, anakomba machicha ya shayiri kutoka kwenye sufuria kubwa kwa koleo. Mvuke ulimfunika nusu. Mjomba alimsalimia, akamuuliza kama anaweza kuitazama ile nafaka.

"Karibu, mzee wangu. Tahadhari tu, sakafu inateleza."

Akachota kimea kikavu kwenye gunia, akatumiminia viganjani. Punje zilikuwa ngumu nje, lakini ukizitafuna zinavunjika kama biskuti, na utamu unakuja taratibu, nyuma ya ulimi. Mjomba alitafuna kwa macho yaliyofumbwa. Kimea ni shayiri iliyolowekwa ikaanza kuota, kisha ikakaushwa kabla mche haujaimaliza akiba yake. Kule kuota ndiko kunakoamsha vimeng'enya. Ikisagwa kidogo na kulowekwa kwenye maji ya nyuzi kama 66, kwa saa moja hivi, vimeng'enya hivyo vinageuza wanga kuwa sukari. Kijana alituambia kwamba nyuzi mbili tatu juu au chini zinabadilisha bia nzima: ukipunguza moto unapata bia kavu na nyepesi, ukiongeza inabaki na mwili, inajaa mdomo. Mjomba alitikisa kichwa kama mtu aliyesikia habari za ndugu yake.

"Na machicha haya?"

"Yanakwenda kwa mfugaji, mzee, ng'ombe wanayapenda. Mengine jikoni. Mtayaona mezani."

Kitu kilichomshika mjomba zaidi kilikuwa ndoo. Ndoo ya kawaida ya plastiki, imejaa maji nusu, chini ya tangi la tatu. Kutoka juu ya tangi ulishuka mpira mwembamba, ncha yake imezama majini, na kila baada ya muda mfupi maji yakatoa pumzi: blup. Kimya. Blup, blup. Ndani ya tangi hamira ilikuwa inakula sukari na kutoa kileo na gesi, na gesi ile ikitoka kwa njia ya ndoo bila hewa ya nje kuingia. Mjomba aliinama, mikono magotini, akahesabu. Kijana hakumharakisha.

"Ina siku ngapi?"

"Tatu."

"Ina nguvu. Baada ya siku mbili itachoka."

"Ndivyo ilivyo, mzee. Umewahi kupika bia?"

"Mikate tu, mwanangu. Lakini ni hamira hiyohiyo."

Na ni kweli. Hamira ya mkate na ile ya bia za joto, zile zinazochachuka kwenye nyuzi 18 hadi 22, ni ya spishi moja. Watu waliitumia maelfu ya miaka bila kuijua. Sheria maarufu ya Bavaria, kusini mwa Ujerumani, ya mwaka 1516 ilitaka bia ipikwe kwa shayiri, hopsi na maji, basi. Hamira haikutajwa kabisa. Ilionekana ni povu linalokuja lenyewe, unalichota kwenye pipa moja kutia kwenye lingine. Ni mwaka 1883, kwenye maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg kule Copenhagen, Denmark, ndipo mtaalamu Emil Christian Hansen alipofaulu kuotesha hamira safi ya bia kutoka seli moja. Mjomba alilijua jina la Pasteur, yule mwanasayansi Mfaransa. La Hansen alinitaka nilirudie mara mbili.

Tukakaa karibu na kioo ili aendelee kuiona ndoo yake.

Mhudumu alituletea bia nne za kuonja, glasi ndogondogo kwenye ubao. Niliomba zisiwe baridi kupita kiasi, naye akafurahi, akasema jikoni kwao hakuna anayegandisha glasi. Barafu inaua ulimi. Bia nyingi za hamira ya joto huongea vizuri kati ya nyuzi 7 na 12, na ukiipa glasi dakika tano mezani, harufu inapanda yenyewe bila kuilazimisha.

Ya kwanza ilikuwa ya ngano, ya ukungu, rangi ya asali iliyochanganywa na maziwa. Mjomba alinusa akarudisha glasi chini.

"Wametia ndizi."

"Hawajatia, mjomba."

"Na karafuu."

"Hata karafuu. Ni hamira peke yake."

Akanusa tena, muda mrefu. Kuna jamii za hamira ambazo, zikila sukari ya ngano na shayiri, huacha nyuma kitu kilekile kinacholipa tunda la ndizi harufu yake, na kingine kinachonuka kama karafuu. Hakuna kilichoongezwa. Aliyeoka maisha yake yote alikuwa amezoea hamira inayopandisha unga, na sasa akaiona inapika marashi. Hakusema neno mpaka glasi ikafika nusu.

Ya pili ilikuwa ya hopsi, na hii ndiyo niliyoifuata. Hopsi ni maua ya mmea unaopanda nguzo na kamba, machanga, mepesi, yenye unga wa njano ndani. Ukiyatia mwanzoni mwa uchemshaji, ambao huchukua saa moja au zaidi, yanatoa uchungu. Ukiyatia mwishoni, au ukisubiri bia ipoe kabisa, yanatoa harufu. Harufu hiyo ndiyo kitu cha kwanza kufa bia inapokaa. Hii ilikuwa imejazwa kwenye pipa siku tisa zilizopita, na kutoka lile pipa hadi mezani petu ni hatua kama 20. Nililamba povu kwanza. Lilikuwa na balungi, na majani yaliyofikichwa, na mwishoni uchungu msafi unaokatika bila kukwaruza. Ile chupa ya dirishani ilikuwa bia ya namna hii hii. Niliinywa kwa hasira kidogo, nikiwaza ni watu wangapi wameonja moja iliyokufa wakaamini kwamba hawapendi hopsi.

Ya tatu ilikuwa nyeusi, ya shayiri iliyokaangwa mpaka ikakaribia kahawa. Sina la kusema sana juu yake zaidi ya kwamba ilikuwa nzuri na mjomba aliimaliza yote.

Ya nne haikuwa ile tuliyoandikiwa kwenye ubao wa ukutani. Tuliagiza lager ya dhahabu. Mhudumu akarudi akatuomba radhi, pipa limeisha tangu mchana, ametuletea nyingine ya ngano. Kupitia kioo nililiona tangi lenye lager hiyo, limejaa. Nikauliza kama haiwezekani kutoa glasi mbili tu. Akaenda kumuuliza mpika bia, na kijana akaja mwenyewe, bado na mabuti.

"Kaka, imebakiza wiki mbili. Ningekupa ungeinywa, lakini si bia yangu bado."

Lager huchachuka kwenye baridi, nyuzi 8 hadi 13, kisha hulazwa karibu na nyuzi sifuri kwa wiki nyingi mpaka itulie na kung'aa. Jina lenyewe kwa Kijerumani lahusu kuhifadhi, kuweka ghalani. Bia ya dhahabu ya namna hiyo ilipikwa kwanza Plzeň, mji ulioko Cheki ya leo, mwaka 1842, na mpikaji wake, Josef Groll, alitoka Bavaria. Nilisikitika kuikosa. Lakini lile jibu, "si bia yangu bado", lilinipa imani na glasi tatu nilizokwisha kunywa kuliko tangazo lolote.

Chakula kikaja. Nyama ya ng'ombe iliyopikwa polepole ndani ya ile bia nyeusi, mchuzi mzito unaoshika kijiko, na pembeni mkate wa machicha. Mjomba aliuacha mchuzi wake ukapoa. Aliushika mkate, akaugeuza, akagonga ukoko wa chini kwa kidole akasikiliza. Akaumega. Ndani ulikuwa wa kahawia, na maganda ya shayiri yakionekana kama mbegu. Akaubonyeza kwa gumba akatazama unavyorudi juu.

"Machicha yanakunywa maji sana," akasema. "Huyu mwokaji ameyakausha kwanza, halafu akayasaga. Wengi hawajishughulishi." Kisha akala vipande vitatu bila siagi.

Bia na chakula cha mafuta ni marafiki kwa sababu gesi na uchungu husafisha ulimi, kila tonge linakuja kama la kwanza. Ila nyama ile ilikuwa na utamu wa kukaangwa, na hapo bia nyeusi ilifaa kuliko ya hopsi. Hopsi niliiweka kando ikasubiri viazi.

Tukiwa tunakula nilimsimulia mjomba jinsi nyumba za namna hii zilivyokaribia kutoweka. Zamani kupika bia mahali inaponywewa lilikuwa jambo la kawaida, kama kuoka mkate mahali unapouzwa. Viwanda vikubwa vikazimeza, hata mwanzoni mwa miaka ya 1970 Uingereza nzima ilikuwa imebaki na baa nne hivi zilizoendelea kujipikia. Marekani zilifutika na marufuku ya pombe, na marufuku ilipoondolewa mwaka 1933 hazikurudi, mpaka mpika bia Bert Grant alipofungua ya kwanza huko Yakima, jimbo la Washington, mwaka 1982, katikati ya bonde la mashamba ya hopsi. Mjomba alisikiliza huku akitazama ndoo.

"Na waokaji vilevile," akasema. "Mtaani kwetu tulikuwa watano. Nikabaki mimi."

Meza zilianza kujaa. Walikuja watu wa nyumba zile tulizozipita, wengine na ndara, mama mmoja na mtoto aliyelala begani, wazee wawili walioletewa glasi kabla hawajaagiza. Hakuna aliyeonekana ametoka mbali isipokuwa sisi.

Tulipoinuka kuondoka kijana alitoka tena nyuma ya kioo, safari hii amevaa viatu vya kawaida. Alikuwa na chupa ya jemu iliyooshwa, ndani yake nusu ya uji mzito wa rangi ya krimu.

"Hamira ya ile ya ngano, mzee wangu. Nimeichota chini ya tangi leo asubuhi. Jaribu mkate. Ila usikaze kifuniko."

Mjomba aliipokea kwa mikono miwili.

Kwenye treni ya saa nne hakukuwa na mtu behewani. Aliiweka chupa mapajani, ameifunika kwa koti ili taa zisiipige, ingawa hamira haijali mwanga kama bia. Kituo cha tatu nilidhani amesinzia. Kisha nikasikia sauti ndogo, tsss, na nilipotazama alikuwa anakilegeza kifuniko kwa vidole viwili, kichwa kimeinama, sikio karibu na kioo.

"Inapumua," akasema, akakirudisha nusu.